Mbili za Nini?

Swali ambalo nimeulizwa Modogashe kuliko yote, hata kuliko lile la nitaoa lini, ni hili: mbili za nini?

Nina baiskeli mbili. Hilo peke yake halimshtui mtu. Kinachoshtua ni kwamba fremu ni ile ile. Chuma kile kile, saizi ile ile, rangi ile ile ya kijani iliyochujuka. Nilizinunua siku moja kwa muuzaji mmoja wa mitumba Garissa, zikiwa zimefungwa pamoja kwa waya kama mbuzi wa mnada. Moja nimeifanya ya mzigo: matairi mapana, gia moja, madigadi, na keria ya nondo ambayo fundi alinichomelea, inayobeba mitungi miwili ya lita 20 bila kulalamika. Hiyo ndiyo inayobeba vifurushi vinavyoshushwa na mabasi ya Wajir, na ndiyo inayonilisha siku ambazo wahariri hawajibu barua pepe. Nyingine nimeivua kila kitu. Haina keria, haina madigadi, haina hata kengele. Ina gia saba na matairi membamba, na kazi yake ni kunitoa mjini alfajiri kabla jua halijawa na hasira.

Sasa, angalia jambo hili. Ingekuwa moja ni nyekundu na nyingine ni nyeusi, hakuna ambaye angeniuliza. Watu hapa wana simu mbili, moja ya laini hii na moja ya laini ile, na hatuwaiti wabadhirifu. Kuna mzee ana bakora tatu na ni mguu mmoja tu unaomsumbua. Lakini vitu viwili vinavyofanana vikisimama kando kando ukutani, macho yanaanza kuhesabu. Kufanana ndiko kunakokera, kama kwamba cha pili kinamcheka cha kwanza.

Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu kuliko linavyostahili. Niliacha kampasi mwaka wa tatu, karo iliposhinda nguvu za ukoo mzima, na mtu aliyeacha kampasi anabaki na tabia moja mbaya: anasoma bila mtihani. Basi nimelisoma hili swali.

Jibu la kwanza ni la fundi, na ni jibu zuri. Fremu ni kipimo cha mwili. Umbali kutoka kitini hadi kwenye usukani, urefu wa bomba la kiti, mahali goti linapofika pedali ikiwa juu: hivyo vyote vimeandikwa ndani ya chuma, na ukishapata fremu inayokubaliana na mgongo wako, hutaki kujifunza nyingine. Mwili wangu ukipanda yoyote kati ya hizi mbili unajua uko nyumbani. Na vipuri vinaingiliana. Miiba ya mathenge, ule mti uliopandwa kuzuia jangwa na sasa umetuzingira sisi wenyewe, haijali ratiba ya mtu. Ikitoboa gurudumu la mbele la ya mzigo saa sita mchana, nachomoa la ile nyingine naendelea na kazi. Mbona basi usiwe na moja tu, ukabadilisha matairi na keria kila unapotaka? Jaribu. Ni saa nzima na spana, juani, na kila ukifungua nati unaila kidogo. Baada ya miezi mitatu huna baiskeli ya mzigo wala ya mwendo, una chuma kilicholegea.

Jibu hili linamridhisha yeyote anayependa baiskeli. Adeer wangu mmoja, ndugu mkubwa wa baba, hakuridhika hata kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Umenieleza zinavyofanya kazi. Nimekuuliza mbili za nini." Na akaenda zake msikitini.

Alikuwa na haki ya kutoridhika. Swali lake halikuwa la ufundi.

Tuanze na neno "ile ile". Je, hizi ni kitu kimoja mara mbili, au vitu viwili? Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha Siasa, anasema kiatu kina matumizi mawili: kukivaa na kukibadilisha kwa kitu kingine. Yote ni matumizi ya kiatu, lakini kiatu hakikushonwa kwa ajili ya kubadilishwa. Kiatu ni kile kile. Kilichobadilika ni uhusiano wa mtu nacho. Nilipoyasoma hayo sikuwaza viatu, niliwaza ngamia, kwa sababu hapa kwetu hilo ni somo la darasa la kwanza. Mwite ngamia "ngamia" mbele ya mchungaji na atakuona mgeni. Kuna awr, dume la kubeba mizigo, linalohama na nyumba nzima mgongoni. Kuna jike lililo na maziwa, irmaan. Ukitaka kumpandisha huyo jike mzigo wa vigogo vya nyumba watu watakuuliza kama umelala vizuri. Mwili wa ngamia ni mmoja. Kazi ndiyo inayompa jina.

Na sheria inajua hivyo. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu, ngamia wa malishoni wakifika watano na kutimiza mwaka, mwenyewe anadaiwa zaka, mbuzi au kondoo mmoja. Ngamia wa kazi hadaiwi kitu. Imam Malik hakukubaliana na hilo, lakini tuachie wanazuoni wagombane. Mimi kilichonigusa ni kwamba watu wa fikihi, kwa karne nyingi, walimtazama mnyama yule yule na kuuliza: huyu anafanya nini? Hawakuishia kwenye umbo. Vile vile baiskeli ya kupanda haina zaka, lakini baiskeli hamsini dukani ni mali ya biashara, nazo zina hesabu yake.

Kwa hiyo naweza kumjibu adeer kifikihi: hizi si mbili za kitu kimoja. Moja ni awr. Nyingine ni... hapa ndipo ninapokwama kidogo, maana ya mwendo haitoi maziwa.

Kuna mahali pengine ambapo fremu mbili sawasawa si anasa hata kidogo, nako ni kwenye mashindano. Kila mwendeshaji mkubwa ana baiskeli ya pili, pacha wa ile aliyoipanda, juu ya paa la gari la timu. Tarehe 14 Julai 2016, Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa na David Kinjah kule Kikuyu kabla dunia haijamjua, alikuwa anapanda mlima Ventoux huko Ufaransa akiwa amevaa jezi ya njano. Watu walikuwa wamejazana barabarani, pikipiki ikasimama ghafla, Richie Porte akaigonga, Froome na Bauke Mollema wakamfuata. Baiskeli ya Froome ikavunjika. Pacha wake alikuwepo, tena mzima kabisa, lakini gari lilikuwa nyuma limekwama. Basi kiongozi wa Tour de France akaanza kukimbia. Kwa miguu, na viatu vya baiskeli, kupanda mlima! Akapewa baiskeli ya huduma ya wote, ikawa ndogo na pedali hazimkubali, akahangaika nayo mpaka yake ilipofika. Baadaye waamuzi walirekebisha muda wake na akashinda Tour mwaka huo, lakini picha iliyobaki vichwani mwetu ni ya yule mtu anayekimbia.

Naipenda hadithi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha kwamba "baiskeli yoyote" haipo. Aliletewa baiskeli, na haikumfaa. Alichohitaji ni ile ile. Pili, inaonyesha kwamba cha pili hakina thamani yoyote kikiwa mbali na mwenye shida. Pacha juu ya paa la gari lililokwama ni pambo tu.

Lakini mimi si Froome na barabara ya Kulamawe si Ventoux. Hakuna anayenisubiri kwenye mstari.

Tanzania walilijibu swali la adeer kwa ukali, tena kwa maandishi. Azimio la Arusha, Februari 1967, liliweka miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Soma huo mwiko wa mwisho polepole. Haukumkataza mtu nyumba ya kuishi, ulikataza ya kupangisha. Matofali ni yale yale, mabati ni yale yale. Kinachoitofautisha ya haramu na ya halali ni nani anayelala ndani na nani anayepokea kodi. Hiyo ni hoja ya Aristotle na kiatu chake, imevaa kaunda suti. Kenya tulikwenda njia nyingine: Tume ya Ndegwa, 1971, iliona hakuna ubaya mtumishi wa umma kufanya biashara yake pembeni. Ofisi moja, matumizi mawili. Matokeo tunaishi nayo, na kila mtu aliyewahi kungoja huduma mbele ya dirisha huku mwenye dirisha yuko dukani kwake anayajua. Tanzania nao miiko ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Inaonekana hakuna taifa linaloweza kukaa muda mrefu na mwiko wa kitu cha pili.

Sisi wa Modogashe, kwa njia, tunaijua pia shida ya kinyume: kitu kimoja, wenyewe wawili. Garissa wanasema mji ni wao, Isiolo wanasema ni wao, na mtoto anaweza kukua hapa akidhani kaunti ni kitu kama hali ya hewa, kinachobadilika kutegemea upepo unatoka wapi. Labda ndiyo maana kitu kimoja chenye mapacha wawili na mwenye mmoja kinatuchanganya.

Hadithi iliyonikalisha chini ni nyingine. Ameipokea Muslim kutoka kwa Jabir, na inahusu matandiko. Kwa maneno yangu mwenyewe: tandiko moja ni la mume, la pili ni la mkewe, la tatu ni la mgeni, na la nne ni la shetani. Nilikuwa nimeisikia tangu duksi na nikaichukulia kama onyo la jumla kwamba tusiwe na vitu vingi. Nilipoirudia nikiwa mkubwa niliona kitu kingine. Hesabu yake haianzi na vitu, inaanza na watu. Kila tandiko lina mtu wake. La tatu halina mtu leo, lakini lina mtu anayeweza kubisha hodi usiku. La nne peke yake ndilo lisilo na mtu, na kitu kisicho na mtu hakikai bure, kinapata mwenyewe wa namna nyingine. Wanazuoni, Nawawi miongoni mwao, wameeleza kwamba makusudio ni kile kinachozidi haja, cha kujionyesha. Si kwamba tandiko la nne lina sumu. Nakubali. Lakini naomba utazame tofauti kati ya hadithi hii na jibu langu kwa adeer. Mimi nilihesabu matumizi: moja ya mzigo, moja ya mwendo. Hadithi inahesabu watu.

Na matumizi, ukweli usemwe, hayaishi. Hapa ndipo hoja ya matumizi inapokuwa wakili wa matajiri. Mwenye magari kumi Nairobi atakueleza la kwenda kazini, la kwenda kijijini, la mvua, la harusi, la kumpeleka mbwa kwa daktari. Hatakosa. Akili ya binadamu ikishaona kitu inakitungia kazi, na kazi hiyo ikishapata jina inageuka haja. Mimi mwenyewe nikipewa fremu ya tatu leo, ile ile ya kijani, nitakuwa nimeshaipa kazi kabla ya isha. Ya mchanga, labda, maana huku mchanga ni mwingi na matairi mapana zaidi yangefaa. Unaona? Haikuchukua hata dakika.

Kwa hiyo matumizi tofauti yanathibitisha kwamba vitu ni viwili. Hayathibitishi kwamba vyote viwili viwe vyangu. Hayo ni maswali mawili na mimi nilikuwa nalijibu la kwanza kwa ufasaha mkubwa huku adeer ameuliza la pili.

Majirani zetu Waborana, upande wa Isiolo, wana desturi wanayoiita busa gonofa. Ukame ukikumaliza, ukoo unakukusanyia mifugo ya kuanzia upya. Si sadaka ya huruma na si mkopo wa benki. Unakwenda, unaeleza hali, na ukoo unakaa. Kwa Wasomali pia, mtu aliyebaki bila maziwa anaweza kupewa jike la kukamua, akalirudisha likikauka. Ayeeyo, mama yake mama, alikua akinywa maziwa ya ngamia ambaye hakuwa wao na hakuna aliyejisikia ombaomba. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020, desturi hizi zilivutwa mpaka zikalia, kwa sababu waliotakiwa kutoa walikuwa wamefilisika pamoja na waliotakiwa kupokea. Mizoga ilikuwa kando ya barabara mpaka tukaacha kuiona. Lakini hata wakati huo, katika mazungumzo ya wazee, sikumsikia mwenye mifugo akijitetea kwa kusema wote wanatumika. Angeweza. Wote walikuwa wanatumika kweli. Ngamia wa mtu ni wake, alama yake iko shingoni, na bado ndani yake kuna haki za watu wengine zinazolala mpaka siku ya shida.

Baiskeli si ngamia, najua. Haizai, haifi kwa kiu, na hakuna mzee atakayeitisha kikao juu yake. Lakini kuna mtu alikuja kuomba.

Dadangu ana miaka kumi na tisa. Alimaliza kidato cha nne, na sasa anamsaidia hooyo kuuza maziwa na sambusa. Jioni moja alisimama mbele ya ule ukuta, akazitazama zote mbili, akasema: "Abowe, hizi si ni moja?" Kwa Kisomali sentensi hiyo ina ncha zaidi, lakini hata kwa Kiswahili inachoma. Adeer aliona nyingi mno. Yeye aliona moja, na nafasi.

Nilijua nini kitasemwa. Hapa msichana kwenye baiskeli ni habari ya mji mzima. Hakuna aya wala hadithi ninayoijua inayokataza, na hata wanaokataza hawatoi. Wanasema tu haipendezi, haijazoeleka, watu watasema. Wanaosema ni wale wale wanaoona sawa yeye kutembea na ndoo ya lita ishirini na karai la sambusa mpaka steji na kurudi, mara nne kwa siku, chini ya jua hili. Kutembea kunapendeza, eti.

Hapo ndipo ile hoja yangu nzuri ya awr na irmaan ilipoanza kunitia wasiwasi. Kwa sababu sisi hatuhesabu wanyama peke yao kwa kazi zao. Mji wangu una azimio lake, si Arusha peke yake. Azimio la Modogashe, 2001, liliwaleta pamoja viongozi na wazee wa kaskazini mashariki na jirani zao kukomesha mauaji ya malisho na visima. Lilifanya kazi kubwa, sitaki kulidharau. Kuna watu wazima leo ambao wangekuwa makaburini. Lilisema mtu asihamie malisho ya wengine bila ruhusa. Lilisema mifugo iliyoibwa irudi. Na liliweka fidia ya roho: mwanamume akiuawa, mia moja, mwanamke, hamsini. Ng'ombe au ngamia, kutegemea mahali.

Niliwahi kumuuliza mzee mmoja kwa nini nusu. Hakukasirika. Alinieleza vizuri, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini awr hakamuliwi: mwanamume analinda, anachunga, anaongeza ukoo, akiondoka pengo ni kubwa zaidi. Na hizo tarakimu, akasema, zina mizizi mirefu kuliko azimio. Nilimsikiliza kwa heshima. Lakini nilichosikia ni hoja ya matumizi tupu. Fremu ile ile, mifupa ile ile, bei mbili, kwa sababu kazi ni mbili. Na hata kwa hesabu hiyo ya kazi haijumliki, maana mwenye karai na ndoo, anayeamka kwanza na kulala mwisho, ndiye aliyeandikwa nusu.

Kwa hiyo sasa nasimama mahali pa ajabu kidogo. Kwa baiskeli nasema: usitazame umbo, tazama kazi. Kwa watu nasema: nyamaza na kazi yako, tazama umbo, tazama kwamba ni mtu kama wewe. Rafiki yangu wa zamani wa kampasi, aliyebaki akasoma sheria, ananiambia huo ni mgongano. Sidhani. Kitu kina kazi kwa sababu kuna mtu nje yake anayekitumia. Ondoa mtu huyo na kazi inaondoka. Mtu hana huyo wa nje. Dadangu hakuwekwa duniani na mtumiaji. Ukimpima kwa kazi lazima kwanza umtafutie mwenyewe, na ukishafanya hivyo umeshamkosea kabla hujafika kwenye tarakimu.

Basi nikamwambia achague.

Nilidhani atachagua ya mwendo. Kusema kweli nilikuwa nimejiandaa kwa huzuni ndogo ya kistaarabu, maana ile ndiyo ninayoipenda, na kumpa mtu unachokipenda kuna ladha yake. Alicheka. "Ile ni yako ya kufikiria," akasema. "Mimi nataka ya kazi." Alikuwa ameshapiga hesabu: ndoo mbili kwenye keria, karai juu, dakika chache mpaka steji badala ya nusu saa, awahi basi la asubuhi na la mchana. Vifurushi vyangu niendelee navyo jioni. Hakuomba kitu cha ziada, aliomba mtaji.

Halafu akajaribu kuipanda, uani, mlango umefungwa.

Haikuwezekana. Bomba la juu liko kifuani mwake kidogo tu lisifike, yeye ni mfupi kuliko mimi kwa kichwa kizima, na jilbabu halipandi juu ya bomba hata uwe na nia gani. Tulijaribu ile nyingine, kwa ujinga tu, kana kwamba pacha angekuwa na huruma zaidi. Fremu ile ile. Kumbe kufanana kwote kule nilikokuwa nakusifu kwa fundi, nyumbani kwa mwili, umbali wa kiti na usukani, kulikuwa kufanana na mimi. Nilikuwa na vitu viwili vyenye umbo la mtu mmoja. Kugawana hakukuwa suala la kufungua mkono tu; mkono ulikuwa wazi na bado hakuna kilichopita.

Fremu za wanawake zipo, zenye bomba lililoshuka chini, na zimekuwepo tangu karne ya kumi na tisa, zilipotengenezwa kwa ajili ya sketi ndefu za Ulaya. Sketi ndefu na jilbabu wangeelewana vizuri. Lakini kwenye mitumba ya Garissa sijaiona ya chuma kizito inayoweza keria, na mpya bei yake ni ndoto. Fundi anasema anaweza kukata bomba la juu la ya mzigo, alishushe, achomelee na kipande cha pili cha kutia nguvu, maana fremu ikikatwa hapo inapoteza uti wa mgongo. Halafu bati la kufunika mnyororo ili nguo isiliwe. Kazi ya siku mbili.

Nilimuuliza kama nitaweza bado kuipanda mimi. Akanitazama kama adeer anavyonitazama. Bila shaka, akasema, iliyoshushwa anapanda yeyote, ni kuinua kiti tu. Isiyoshushwa ndiyo inayochagua.

Sijui kwa nini ilichukua fundi kusema hivyo. Iliyokatwa inatupanda sote wawili, isiyokatwa ni yangu peke yangu milele. Ila pia haitakuwa tena pacha. Itakaa tofauti, itayumba tofauti ikijaa maji, na siku nikihama kutoka moja hadi nyingine mgongo wangu utajua. Watu wakipita watakoma kuniuliza mbili za nini, kwa sababu zitakuwa hazifanani. Wataanza kumuuliza yeye swali lingine, nalo litakuwa kali zaidi. Anasema analo jibu. Sijamuuliza ni lipi.

Hooyo hajasema ndiyo wala hapana. Ameuliza tu bati la mnyororo ni shilingi ngapi. Adeer amepita, akaona ya mzigo imepinduliwa magurudumu juu, akauliza imeharibika? Nikamwambia inatengenezwa. Akaniuliza inatengenezwa iwe nini, na safari hii hakwenda msikitini, alikaa kwenye gogo kusubiri jibu. Fundi alikuwa ameshachora mstari wa chaki kwenye bomba.